Gari la Kihwele na Mteremko wa Kitonga

Kabla hujaweka tangazo la kuuza chochote mtandaoni, soma kisa hiki mpaka mwisho, kisha mpitishie na mwenzako.

Gaudensi Kihwele, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa, alikuwa na gari jeupe. Fundi wake alimwonya kwamba pampu ya breki inavuja. Hapa mjini utanusurika, alisema, lakini kwenye mteremko mrefu mguu utazama mpaka chini na gari halitasimama.

Kihwele hakulitengeneza. Aliliosha, akalipiga picha, akaliweka mtandaoni na maneno haya: "Halina shida hata moja. Ni kuwasha na kuondoka."

Mteja hakuchelewa. Alikuwa Shomari Pembe, fundi cherehani wa Morogoro, aliyekuja Iringa na familia yake kwa harusi ya ndugu.

"Breki zikoje, kaka?" Shomari aliuliza huku akilizunguka gari.

"Unagusa tu, linasimama."

"Sasa zuri hivi unaliuza la nini?"

"Mke hauzwi, ndugu yangu. Ningeuza nini?"

Wakacheka. Shomari akataka waende kubadilisha jina kwenye kadi ya gari. Kihwele akahofu kwamba huko mtu angetaka kulikagua.

"Hayo utayafanya ukishafika kwenu," alisema. "Sote tunauziana hivi hivi. Kadi hii, ufunguo huu."

Juu ya boneti akaandika mkataba mfupi. Mstari wa mwisho ulisema: gari limeuzwa kama lilivyo, na muuzaji hahusiki tena kwa lolote. Wakatia saini, Shomari akalipa, wakapeana mikono.

Alasiri Shomari akapiga simu. Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba.

"Kaka, tumeshapakia. Nipo na mama, mke na watoto. Ndiyo tunaanza safari ya Morogoro."

"Safari njema," Kihwele akajibu, na simu ikakatika.

Morogoro. Siku nzima alikuwa amefikiria gari liondoke tu. Hakuwa amefikiria linaelekea wapi. Njia ya Morogoro inashuka Kitonga: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na katikati malori yanayojikokota.

Akaingia dukani, akatoka. Akakaa, akasimama. Akaishika simu, akatafuta namba ya Shomari, akairudisha simu mfukoni. Lori likapiga honi barabarani naye akashtuka kana kwamba ameitwa.

"Baba Oliva, una nini?" mkewe akauliza. "Mteja kaomba misumari ya mbao, umempimia ya bati."

Kihwele akamweleza yote. Mama Oliva akaacha alichokuwa akikifanya.

"Mpigie sasa hivi."

"Nikimpigia atalirudisha. Na mkataba uko wazi, mimi sihusiki."

"Mkataba unafunga breki?"

Kihwele akageuka akatazama barabara. Alikuwa akisafiri na familia ile kichwani: sasa wanaiacha Iringa, sasa wanaingia Ilula, na baada ya Ilula, Kitonga si mbali tena. Mkono ukaenda mfukoni. Kabla hajaitoa simu, ikalia yenyewe. Namba hakuijua.

"Wewe ndiye Gaudensi Kihwele?"

"Ndiye mimi."

"Hapa ni askari wa usalama barabarani. Kuna gari jeupe, kadi yake ina jina lako..."

Kihwele hakumngoja amalize. "Afande, breki nilijua ni mbovu, lakini sikutegemea yafike huku! Mkataba unasema sihusiki! Watoto wamepona?"



"Breki zipi?" askari akauliza taratibu. "Watoto wapi? Mimi nipo Ilula. Nimelisimamisha gari, kadi haina jina la dereva, akanipa namba yako, nikataka kujua kama si la wizi."

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mzee. Simu ilikuwa kwenye spika, na wote walikuwa wamesikia.

"Shomari, washushe watoto."

Askari alimwita, na Kihwele akafika Ilula na mkewe jua likielekea kuzama. Familia ilikuwa imeketi juu ya mabegi kando ya barabara. Askari alikuwa ameshalikagua gari na kukuta pampu inavuja, kama fundi alivyosema.

"Shikamoo, mama," Kihwele akamwamkia mama yake Shomari.

"Kwanza jibu," bibi akasema. "Nilikaa kiti cha nyuma, mjukuu huku na mjukuu huku. Ulitaka nife na yupi?"

Kihwele akamgeukia askari. "Afande, lakini tuliandikiana kwamba sihusiki."

"Maandishi hayo yangekusaidia kwa ubovu usioujua," askari akasema. "Huu uliujua, ukaulizwa, ukadanganya. Gari likiua, tunaanza na wewe. Na umenieleza mwenyewe kabla sijakuuliza. Mrudishie mtu fedha zake, au twende wote kituoni."

Kihwele akarudisha fedha zote, na nauli ya basi juu yake. Shomari hakumtukana. Alizipokea bila kumtazama.

Askari akamkabidhi ufunguo. "Haya, gari lako hilo. Si unagusa tu, linasimama? Endesha urudi nalo Iringa."

Kihwele akautazama ufunguo. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameshaufungua mlango na kuweka mguu mmoja ndani.

"Hapana, shuka," alimwambia haraka. "Afande, nisaidie kupata gari la kulivuta."

Bibi akajitwisha begi lake. "Kumbe kuogopa unajua," akasema, akaelekea kituo cha basi.

Funzo: Ubovu ulioujua ukauficha hauondoki na mnunuzi, hata ukitia saini kwamba huhusiki; unabaki mzigo wako. Usimuuzie mwenzako gari usilothubutu kumpakia mkeo.