Buick Iliyobebwa kwa Tela

Mtu akisikia methali ya mchelea mwana kulia, upesi humfikiria mtoto aliyedekezwa nyumbani hadi akaharibika. Si vibaya kufikiri hivyo. Lakini si kila mwana ana macho na masikio. Dale Wisniewski, tarishi mstaafu wa mji wa Flint, Marekani, alikuwa na mwana wa chuma.

Mwana huyo alikuwa gari, Buick ya mwaka 1955, nyekundu juu, nyeupe chini, iliyong'aa hata nzi akitua juu yake aliteleza. Dale aliinunua ikiwa gofu, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Ilipokamilika, roho ikamwuma kuiendesha. Mvua ingeichafua, kokoto zingeichuna, jua lingeipausha. Basi ililala gerejini chini ya blanketi, na kila ilipokwenda kwenye maonyesho ilibebwa kwa tela, ikashushwa polepole kama bibi harusi.

Mama yake, Irene, ajuza wa miaka tisini na moja, hakuacha kumwonya.

"Dale, wewe nilikutuma mkate kwenye theluji, ukaenda unalia, ukarudi unalia. Leo una miguu. Hili gari lako litapata wapi miguu?"

"Gari si mtoto, mama."

"Mbona unalifunika blanketi, basi?"

Dale alicheka tu, akaendelea kusugua taa.

Jumamosi ya tamasha la magari ya kale ikawadia. Barabara kuu ilifurika. Magari yalipangwa pande zote mbili, mengine yana mapezi nyuma kama papa, boneti zimeachama kama vinywa vya makinda yanayongoja kulishwa. Soseji zilichomwa, honi zilijibizana, na wenye magari waliketi nyuma ya mali zao kwenye viti vya kukunja, wakijifanya hawasikii wakisifiwa.

Siku hiyo Irene alikuwa na jambo lake. Ujanani alishona viti vya magari ya Buick katika kiwanda cha mji huo huo. Viti vilipita mikononi mwake visivyo na idadi, naye kila jioni alirudi nyumbani kwa basi. Waandaaji walipopata habari hiyo, waliamua kwamba Buick ya Dale ndiyo itakayoongoza msafara, na bibi huyo akae mbele. Irene alinunua kofia mpya ya manjano.

"Sijawahi kukalia kazi yangu," alimwambia kila aliyepita. "Leo ndiyo leo!"

Pembeni yao aliegesha Curtis Gaines, jirani yao, na Buick ya mwaka ule ule. Yake aliiendesha kanisani, akaibebea kuni, akaendea nayo kuvua samaki. Kutu ilikuwa imeitafuna ubavuni, mlango mmoja ulikuwa na rangi yake peke yake, na kiti cha nyuma kilimilikiwa na mbwa.

"Bwana Dale," aliita Curtis, "hilo ni gari au marehemu? Maana kila nikilikuta limebebwa, tena limefunikwa shuka!"

Watu wakaangua kicheko.

"Angalau langu halina upele," Dale akajibu.

"Upele ninao, na kucha za kujikunia ninazo!"

Filimbi ikalia. Kanuni ya msafara ilikuwa moja: gari litembee lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa. Dale akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa. Akajaribu tena. Ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza kimya.

Curtis ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Hakufanya mzaha tena. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akakunja uso.

"Petroli hii umeitia lini, ndugu yangu?"

Dale akainamisha kichwa. "Nilipomaliza kulitengeneza. Miaka mitatu sasa."

"Basi si petroli tena, ni gundi. Kabureta imeziba. Gari lililozoea kutembea lisingekufanyia hivi. Leo haliendi popote."

Irene aliketi ndani, juu ya nailoni ambayo Dale alikifunikia kiti, mkoba mapajani, kofia kichwani. Hakulaumu. Filimbi ya pili ikalia.

"Curtis," mama akasema ghafla, "mlango wako unafunguka?"

"Ukipigwa teke, mama."

"Basi upige!"

Mlango ukapigwa. Irene akaingia, akapapasa kiti kilichochakaa, na vidole vyake vikasimama juu ya mshono.

"Mistari miwili, imebanana! Hivi ndivyo tulivyoshona! Dale, njoo uone!"

Dale aliona haya kusogea. Vitambaa vya zamani vya viti vya gari lake alikuwa ameving'oa na kuvitupa kwa sababu ya doa moja la kahawa.

Injini ya Curtis ikanguruma kama simba aliyeshiba. Umati ukalipuka kwa shangwe. Kofia ya manjano ikaongoza msafara, na mkono mkongwe ukapunga huku na huko. Dale alibaki kando ya gari zuri kuliko yote barabarani, machozi yakimchuruzika.

Msafara ulizunguka mara mbili. Mara ya pili ulipomfikia, ukasimama.

"We Dale!" Irene akapaza sauti. "Unalilia nini hapo? Panda!"

Akapanda nyuma, akabanana na mbwa aliyemlamba machozi kwa bidii, naye akajikuta anacheka kama mtoto.

Jumatatu mvua ilinyesha. Majirani walishangaa kuiona Buick nyekundu, tangi na kabureta vimeoshwa, ikirudi kutoka dukani imejaa tope hadi madirishani. Mbele aliketi Irene, mkate mapajani.

"Imelia njiani?" Curtis aliuliza kutoka barazani.

"Imelia kidogo kwenye kilima," Dale akajibu, "nikaiacha ilie."

Kwa kuwa mchelea mwana kulia, hulia yeye.