Punda wa Vuai na Kiingereza cha Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Changawe, palikuwa na Sultani Makungu, aliyejifunza Kiingereza siku tisa, na siku ya kumi akatosheka. Akamwandikia tajiri wa Kizungu barua kwa mkono wake, kuagiza merikebu hamsini. Wakaja kondoo hamsini, maana katika lugha ile maneno hayo mawili hufanana kama mapacha. Waziri akasema, "Ndio kondoo hasa tuliokuwa tukiwahitaji, Bwana wangu," na baraza zima likaitikia.

Basi akatafutwa mwenye kosa, na kama ilivyo ada, akaonekana kuwa ni raia. Mbiu ikapigwa: kila mtu ajifunze kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayofanana, na atakayeyachanganya atanyang'anywa mnyama wake.

Vuai mchota maji, fukara asiye na kitu ila punda mmoja, akacheka pale kisimani. Kabla mtungi wake haujajaa, alikwisha kamatwa na kufikishwa barazani.

"Ewe Vuai, wacheka nini?"

"Nalimwonea huruma, Bwana wangu, yule kondoo atakayetwekwa tanga."

Sultani akaghadhibika. "Kesho niletee mmoja tu wa mji huu asiyechanganya maneno ya Kiingereza. Ukimkosa, punda wako ni wangu!"

Vuai akarudi kwake na moyo mzito, kwani bila punda wanawe wangelala njaa. Akauliza mji mzima, asimpate. Hata mkalimani wa Sultani alichanganya, ila yeye alichanganya kwa sauti kubwa. Ikawa jioni, akampa punda pumba, akamtazama sana, kisha akacheka tena.

Asubuhi akaingia barazani akimkokota punda. "Huyu hapa, Bwana wangu."

"Mwehu wee! Huyu hajui Kiingereza!"

"Sikuagizwa ajuaye, niliagizwa asiyechanganya. Huyu ana miaka saba mjini, na hajachanganya hata neno moja. Asiyeamini na amjaribu, mradi awe mwenyewe hachanganyi."

Waziri akatazama dari. Nje kondoo mmoja akalia. Sultani akajizuia, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Mbiu ikafutwa papo hapo.

"Nenda na punda wako, Vuai, nami nakupa kondoo kumi."

"Ahsante, Bwana wangu. Lakini nipe mkononi, usiniandikie barua. Zikija merikebu kumi, mimi sina pa kuzifunga."