Paja la Fahali na Tumbo la Sultani

Hapo zamani, chini ya mlima wenye theluji, alitawala Sultani Harithi, mtu mnene ambaye kiti chake cha enzi kilipigwa misumari upya kila mwezi. Sultani huyu hakuogopa lolote ila kufa. Basi akatokea tabibu mgeni, jina lake Mardani, akamwambia, "Seyyidi yangu, nitakugandisha katika barafu miaka mia, kisha nitakuamsha, nawe utaamka vile vile ulivyolala." Akatoa chura mdogo aliyekakamaa kwa barafu, akamweka kando ya makaa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Chura akapepesa macho, akaruka. Baraza zima likapiga makofi, maana baraza lile lilipiga makofi hata Sultani alipopiga chafya.

Waziri Sarahani alifurahi kuliko wote, kwani miaka mia ile nani angekikalia kiti? Ila akanena kwa upole, "Tumjaribu kwanza mtu asiye na faida." Ikawa macho yote yamemwangukia Kibwana Tete, fukara aliyeishi kwa kuchoma nyama kwenye harusi za watu, mwenye kanzu moja tu, na siku ya kuifua hatoki nyumbani.

"Ewe Kibwana," akanena Sultani, "Ijumaa utagandishwa. Ni heshima kubwa."

Kibwana aliogopa, wala hakuona haya kuogopa. Alikuwa na mke, na alipenda sana kupumua. Akainama, akasema, "Heshima hii inanizidi kimo, Seyyidi. Naomba jambo moja: kabla sijaingia barafuni, tule karamu ya kuagana. Achinjwe fahali, paja lake lilazwe barafuni siku tatu, kisha tabibu mwenyewe aliamshe kwa moto wake, kama alivyomwamsha chura."

"Ombi la tumbo!" Sultani akacheka. "Umekubaliwa."

Ijumaa ikafika. Paja likaletwa, gumu kama jiwe la kusagia. Tabibu akaliweka kando ya makaa, kahawa ikanyweka kikombe cha kwanza na cha saba, paja halikutikisika. Sultani, ambaye hakuzoea kusubiri chakula, akapiga kelele, "Zidisha moto!" Moto ukazidishwa, moshi ukajaa ukumbi, na Sultani akapakuliwa wa kwanza kama ilivyo ada. Akauma pande kubwa. Jino likadondoka sahanini.

"Nyama gani hii?" akanguruma, ameshika shavu. "Nje mkaa, ndani barafu!"

"Nyama iliyoamshwa, Seyyidi," Kibwana akajibu. "Mimi mchoma nyama, elimu yangu haipiti jikoni. Ila najua kitu kidogo hupata moto upesi, na kikubwa huungua ngozi na ndani kungali baridi. Hili ni paja tu. Sasa nalitazama tumbo la Seyyidi, Mungu alizidishe, nami najiuliza: ngozi itaamka Ijumaa, moyo utaamka Jumapili. Je, Jumamosi atatawala nani?"

Sultani akageuka polepole, na kwa bahati mbaya Waziri Sarahani alikuwa amesimama karibu mno na kiti cha enzi, mkono wake u juu ya egemeo, akilipapasa.

"Tabibu," akauliza Sultani, "utatangulia wewe barafuni?"

Mardani akakumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa wake mahututi katika nchi ya mbali sana.

Basi Sultani akaangua kicheko hata pengo lake jipya likaonekana na watu wote, na misumari ya kiti ikalia. Akaamuru tabibu na waziri wakae chini walimalize paja lile mpaka mfupa, mbele yake. Kibwana akapewa nyama yote iliyobaki ya fahali, na kanzu mpya ya hariri. Jumamosi asubuhi akaifua ile kuukuu, akaianika, na kwa mara ya kwanza akatoka nyumbani kabla haijakauka.