Nani Abebe Joho la Intha?

Sogeeni karibu, na mwenye karanga agawe. Hadithi hii ni chungu, na mwisho wake mimi sina. Nitawadai nyinyi.

Katika jimbo moja la mashambani huko Thailand, kila kijiji kina kazi yake ya mikono na hekalu lake. Palikuwa na wanawake watatu, kila mmoja fundi wa kijiji chake. Thongsi alikuwa mfinyanzi. Aligonga chungu kwa kidole, akasikiliza, akajua kama kitavuja. Khamla alikuwa mfumaji, na kitambaa chake cha pamba kilibana hata maji yakasita kupita. Phimpha alisuka mikeka ya matete, na mkeka wake mmoja ungerithiwa hadi na wajukuu. Wote watatu walikuwa na mtoto mmoja. Namaanisha mmoja kwa wote watatu, na taabu ilianzia hapo.

Mtoto huyo aliitwa Intha, na Thongsi ndiye aliyemzaa. Mumewe alianguka kutoka juu ya mti wa mvumo akigema utomvu, akafa, na mwaka uleule mvua ikakataa kunyesha. Thongsi alikula mizizi mimba ikiwa tumboni, na kujifungua nusura kumuue. Matiti yake yalikuwa makavu. Akajikokota hadi kijiji cha wafumaji kwa Khamla, ambaye alikuwa amejifungua binti, akamwomba amnyonyeshee mwanawe asife. Baadaye akaposwa na mwanamume asiyetaka mtoto wa mwenzake, naye akakubali, mtoto akamwacha hukohuko kwa Khamla. Hapo simtetei.

Khamla aliwanyonyesha wawili. Njaa haikumruka yeye, na maziwa ya mwaka wa njaa hayagawanyiki bila mmoja kupunjika. Binti yake alikonda, akafa. Intha akanenepa. Khamla hakumtupa, alimpa ziwa mpaka alipoacha mwenyewe. Lakini mtoto alipoanza kukimbia uani, Khamla alishindwa kumtazama bila kupima kimo ambacho binti yake angekuwa nacho. Siku moja akamshika mkono, akampeleka kwa Phimpha msuka mikeka, ambaye hakujaliwa mtoto, akamwambia amchukue kwani yeye ameshindwa. Tangu hapo hakurudi hata kumjulia hali.

Phimpha akalea. Alikesha na homa zake, akampeleka kwa watawa akajifunze kusoma, vidole vikachanika kwa matete ili mtoto ale ashibe. Intha alimwita Mama na hakujua mwingine. Kisha mume wa pili wa Thongsi akafa, na Thongsi, akielekezwa na wafumaji, akaja mlangoni kwa Phimpha kumwulizia mwanawe. Intha alikuwa mtoni na wenzake. Phimpha alimtazama mgeni machoni, akamwambia mtoto alikufa maji zamani. Thongsi akalia palepale kizingitini. Phimpha akampa maji ya kunywa, tena akamsindikiza njiani. Intha naye akaambiwa kwamba aliyemzaa alifariki siku ileile ya kumzaa.

Sasa ijueni desturi. Huko, kijana akishakuwa mtu mzima huingia utawani, hata kama ni kwa masika moja tu, ili kuwalipa wazazi fadhila. Siku hiyo mama yake hubeba joho la njano katika maandamano, wakazunguka ukumbi wa hekalu kabla kijana hajaingia. Watu husema mama huyo, siku akifa, atashika upindo wa joho lile nalo litampeleka peponi. Kwa mwanamke aliyemaliza ujana wake kwenye udongo, au uzi, au matete, tumaini jingine liko wapi? Na joho moja hubebwa na mama mmoja.

Kabla ya siku yenyewe, kijana hupita nyumba kwa nyumba na maua na mishumaa, akiwaomba wakubwa msamaha. Intha alianzia nyumbani. Alipopiga magoti mbele ya Phimpha, mama yule naye akashuka chini akaungama yote. Alisema hathubutu kubeba joho juu ya uwongo, lakini kulibeba bado anataka. Intha aliinuka. Alichukua maua yake, akatoka.

Akaenda kijiji cha wafumaji. Khamla aliyapokea maua, akamwambia bila kuzunguka: "Nilikusamehe zamani, na kosa wala halikuwa lako. Lakini joho nitabeba mimi. Nimeshalilipia."

Akaenda kijiji cha wafinyanzi. Thongsi alipoona mlangoni uso wa mumewe wa kwanza, chungu kilimponyoka. Alipoelewa, hakumkumbatia. Alikaa kwenye vigae, akamweleza kwamba kila mwaka amekuwa akiwapelekea watawa chakula kwa ajili ya roho yake yeye Intha, akidhani amekufa. Intha akamwuliza kwa nini alimwacha.

"Jibu zuri sina," Thongsi akasema. "Niliogopa njaa kuliko aibu. Lakini nimekulilia maiti ukiwa mzima, mwanangu. Basi nipe joho."

Siku ikafika, ngoma zikapigwa, na wanawake watatu wakasimama kwenye lango la hekalu, hakuna aliyemsalimu mwenzake. Joho lilitolewa na hekalu, kwa hiyo hata Khamla hakuweza kudai kuwa alilifuma yeye. Mikono sita ikalishika. Intha, amenyolewa nywele na nyusi, alitaka kulibeba mwenyewe yaishe. Mtawa mkuu akamkatalia. Anayeingia utawani huwa na maua tu mikononi, akasema, na joho lisipobebwa na mama, watarudi makwao na hakuna atakayepata thawabu.

Wanakijiji wakaanza kubishana, kama nyinyi mtakavyobishana sasa hivi. Na wahenga wetu msiwategemee, maana hapa wametuacha njia panda. Wamesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Thongsi huyo. Wamesema titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa. Khamla huyo, aliyemnyima wake akampa wa mwenzake. Wamesema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Phimpha akaitikia kwa kichwa. Mkimtaja aliyemwacha, nitawauliza na aliyemsukuma kwa mwenzake. Mkimtaja huyo, nitawauliza na aliyemzika kwa maneno. Bila mmoja wao, yeyote yule, langoni pasingekuwa na kijana.

Intha aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akilia, na hakuweza kujifuta kwa sababu ya maua.

"Kuwasamehe, nimewasamehe wote," alisema. "Kuchagua siwezi. Mimi ni mtoto wenu, msinifanye hakimu wenu."

Hakuna aliyeachia. Ngoma zilinyamaza, na mtawa mkuu akageuka kuwatazama watu.

Basi amewatazama nyinyi. Mmoja wa wanawake hawa atatembea mbele, na pepo yake ataishika mikononi. Wawili watafuata nyuma mikono mitupu, kijiji kizima kikiwaona, na watazeeka hivyo. Je, wewe ungempa nani joho lile? Na hao wawili, ukiwa umesimama mbele yao, ungewaambia nini?