Beseni la Lodi wa Penhamu

Paukwa!
—Pakawa.
Mbona mnaitikia kinyonge? Mmechoka? Hata mimi. Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nyumba Uingereza, paa linavuja, na hakuna wa kuliziba.

Hapo kale mfalme wa huko alikimbia mvua, akaingia kwa mkulima mmoja wa Penhamu. Akaketi. Paa likamdondoshea maji, to! to! to! Mkulima akachukua beseni, akalishika juu ya kichwa cha mfalme mpaka mvua ikakatika. Mfalme akafurahi.

"Tangu leo wewe ni Lodi, bwana mkubwa wa Penhamu. Ukifa, arithi ndugu wa kiume aliye karibu. Ila mvua ikinyesha, Lodi ashike beseni juu ya kiti hiki. Asiyeshika si Lodi."

Basi paa likaachwa livuje. Wakiliziba, ulodi watauonyesha wapi? Msicheke, ndivyo tulivyo watu.

Lodi wa kwanza alishika mwenyewe. Wa pili, kwa kuwa mfalme hayupo kuona, akamwachia mkewe. Wa tatu akamwachia binti yake, Winifreda. Mvua ya asubuhi, Winifreda wima. Ya mchana, wima. Ya jioni, wima. Mikono ikafa ganzi, mgongo ukapinda. Maskini, hata wachumba walikuja wakaondoka yeye kasimama.

Baba akafa. Akaja binamu wa Winifreda, Ruperti, pamoja na tarishi wa mfalme wa kumtawaza.

"Mwanamke harithi," Ruperti akasema. "Ulodi wangu, nyumba yangu. Kesho utoke."

"Niende wapi, binamu?"

"Utajua mwenyewe."

Mvua hiyo! To! to! to!

"Winifreda, beseni!"

Winifreda anakunja nguo zake.

"Winifreda, beseni!"

Anakunja.

"Wewe, husikii? Beseni!"

"Nasikia, binamu. Lakini anayeshika ndiye Lodi. Nishike mbele ya tarishi?"

Tarishi akasema, "Ndivyo alivyoagiza mfalme."

Ruperti akalinyakua beseni, akalishika juu ya kiti. Haukupita muda, mikono ikaanza kumtetemeka.

"Dada, nipokee kidogo!"

"Nikupokee ulodi?"

"La! Beseni tu!"

"Havitengani, binamu. Nami kesho naondoka."

"Usiondoke! Usiniache peke yangu na hili beseni! Kaa!"

"Nikae?"

"Kaa, nimesema! Kaa!"

Tarishi akaitikia, "Lodi kasema ukae."

Winifreda akakaa. Akakaa papo hapo, kwenye kiti cha mfalme, chini ya beseni. Akanyoosha miguu. Akalia kidogo, kwa uchovu tu, kisha usingizi ukamchukua.

Nami hadithi yangu naitua hapo kitini. Nanyi akina mama mliosimama huko nyuma tangu nianze, kaeni.