Kasri Lililotapika

Paukwa. Hamjaitika, midomo yenu ni ya kulia wali tu, lakini nitasema.

Palikuwa na kasri lililojengwa na mafundi wa Maghribi, matao yake yamepinda kama kwato za farasi. Ndani ya kuta aliishi jini aliyelishikilia lisianguke. Mlo wake ulikuwa chokaa tu ya kupakwa ukutani, tena iliyolowekwa shimoni mwaka mzima.

Mfalme alipokufa, mjane wake, Bi Kazija, akawaambia wanawe watatu, "Mlisheni jini. Mimi sihami humu."

Kuloweka chokaa mwaka mzima? Wakaona hiyo kazi ya washamba.

Mkubwa akapaka rangi ya mafuta, ikang'aa kama mdomo wa mlafi. Ukuta ukatapika ute wa kijani.

"Sipumui," jini akasema.

"Utazoea."

Wa pili akapiga saruji. Ukuta ukatapika usaha, ukanuka kama donda.

"Sipumui."

"Meza."

Wa mwisho, mpumbavu kuliko wote, akabandika vigae vya chooni juu ya nakshi. Ukuta ukatapika mende mpaka kitandani kwa mama yao.

"Sipumui. Natoka."

"Toka, tupate nafasi."

Bi Kazija akakung'uta mende, akainuka. "Nibebe, mwanangu. Hawa sikuwazaa, niliwatapika."

Jini akambeba mgongoni, akatoka naye, na kasri likaporomoka nyuma yao.

Wale watatu wangali juu ya kifusi, wanabishana kipi kilipendeza zaidi: rangi, saruji au vigae.

Ngano imekwisha. Aliyeipenda akaloweke chokaa.