Siku Kifo Alipongojea Makande

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana habari hii haipendi kukatizwa.

Hapo kale, katika milima ya Upare, Kifo alikuwa mtu wa kuonekana. Alitembea kwa miguu, fimbo mkononi, vumbi hadi magotini, na kila alipofika mlangoni alipiga hodi akangoja kukaribishwa. Tena alikuwa na adabu kuliko wengi wenu. Akikuta mwenyeji amemwinjikia chungu, hakuinuka kufanya lililomleta mpaka aonje, kwa kuwa kumwachia mtu chakula motoni ni kumtukana. Moto ukizimika kabla chakula hakijaiva, hapo alikuwa huru. Watu walimwogopa mno, wakamkorogea uji upesi upesi ili aondoke zake. Hakuna aliyewahi kufikiri kumchelewesha, isipokuwa Namkunda.

Namkunda alikuwa mjane, na duniani alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonea. Mwaka huo Mbonea akashikwa na homa ya mlimani. Homa hiyo ilikuwa na desturi yake: ilimchoma mgonjwa mchana kutwa, lakini kama jua lingezama akiwa bado anapumua, jasho lingemtoka na angepona. Kila mama wa kule alilijua hilo.

Asubuhi, umande haujakauka, Namkunda akasikia hodi. Alipofungua aliiona fimbo kwanza, kisha lile vumbi, akajua ni nani. Hata hivyo mgeni hafungiwi mlango.

"Karibu, mgeni. Keti. Makande nayainjika sasa hivi."

"Ahsante, mama," Kifo akasema. Akaegemeza fimbo nje ya mlango, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda cha Mbonea.

Ninyi mnayajua makande. Mahindi na maharage hayamwogopi mtu, huiva yakipenda. Namkunda alichagua mahindi makavu kuliko yote ya darini. Kila chungu kilipoanza kutokota alikiongezea maji baridi. Kila moto ulipokolea alivuta ukuni mmoja pembeni, ukabaki moshi na mwali mdogo. Hakutaka makande yaive, na hakutaka moto ufe. Jasho lilimtiririka yeye badala ya mwanawe.

Jua lilipofika utosini Kifo akasema kwa upole, "Mama, makande yako ni magumu."

"Ni mahindi ya mwaka jana, mgeni. Nivumilie."

"Nakuvumilia." Na macho yake yakabaki kwenye chungu.

Alasiri kuni zikaisha. Kutoka kwenda kuokota nyingine kulimaanisha kumwacha Mbonea peke yake na mgeni, na hilo hakuliweza. Akavunja kigoda kingine, cha marehemu mumewe, akakitia motoni. Akapasua mchi. Akang'oa fito za ukutani. Mara kwa mara alimgusa mtoto paji la uso, akalikuta kavu na la moto. Nje, vivuli vya migomba vilikuwa vimeanza kurefuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Namkunda akathubutu kutumaini.

Yeye na jirani yake, Nakiete, walikuwa wameolewa msimu mmoja na kuishi kama ndugu. Mchana wote Nakiete aliona moshi ukifuka kwa rafiki yake bila harufu ya chakula. Aliona fimbo ya mgeni mlangoni, akaidhani ya msafiri yeyote, akasikia miti ikivunjwa ndani. Akajisemea, maskini mwenzangu, anauguza, kuni zimemwishia, na mgeni hajala tangu asubuhi! Kwa Wapare wa enzi hizo, mgeni akilala njaa kwa jirani, aibu ni yako pia. Nakiete alikuwa na makande yake yaliyoiva vizuri, yamepondwa na kutiwa maziwa. Akapakua bakuli likajaa, akalibeba mbio.

Wakati huohuo Namkunda alikuwa ameinama kitandani. Alipeleka kiganja kwenye paji la mtoto na, jamani, kikarudi na unyevu. Jasho! Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya kilima. Alifumba macho kwa furaha.

"Hodi humu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nakiete aliingia akicheka, na katika moshi ule asimtambue aliyeketi, akaliweka bakuli mbele yake. "Kula, baba. Mwenzangu leo amezidiwa."

Namkunda aligeuka. Alipiga ukelele, "Nakiete, usimpe!" Lakini tonge lilikuwa limekwisha kuingia kinywani.

Kifo alimeza taratibu. Akanawa mikono, akasimama.

"Nimekula kwenu," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshiba. "Mama, kosa ni langu. Nisingeketi, usingetumaini. Sitaketi tena kwa mtu." Akamshika Mbonea mkono, na jua likazama bila yeye.

Mazishi yalipokwisha Namkunda alimwaga maji mafigani, akaapa kutogusa moto. Alikaa chini, hali chakula. Nakiete naye alijifungia kwake, anatamani ardhi immeze. Mwishowe alipika, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya, akaja na chungu mpaka mlangoni. Hakuthubutu kupiga hodi.

Namkunda alimwona pale mlangoni. Angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Chakula kikapoa. Kisha akanyoosha mkono, akamega tonge moja, akala. Njaa hakuwa nayo. Alikula ili rafiki yake aweze kuishi. Hapo wote wawili wakalia, wakalia mpaka majirani wakaja.

Na tangu siku hiyo Kifo hapigi hodi, haonekani, wala hangojei chungu cha mtu. Na tangu siku hiyo nyumba iliyofiwa haiwashi moto, majirani ndio wapikao. Wanaoleta chakula huingia kimya, hukiweka chini, wakakaa. Na mfiwa naye, hata kama hana njaa, huonja tonge moja, ili aliyekileta aweze kurudi kwake.